Antena Iliyokuwa Mgeni wa Shangazi Agnesi

Kabla hamjagusa faiba, kile kitambaa cha kioo, pakeni poda mikononi mpaka kwenye viwiko. Mkimaliza kazi, osheni kwa maji baridi, si ya moto. Maji ya moto yanafungua ngozi, na vile vijinywele vya kioo vinaingia ndani, mtajikuna mpaka kanisani. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo jambo ambalo nina hakika nalo kabisa. Mengine nitakayoandika hapa mnaweza kuwauliza watu wengine, na mkikuta wamesema tofauti, muwaamini wao kwanza, halafu mje mniambie.

Mwalimu wenu wa chuo cha ufundi alipanda huku Kwai kuniomba niwaandikie habari za kazi yangu. Nilimwambia mimi ni wa darasa la saba, na kuandika kwangu ni kule kwa jioni tu, mistari michache kuhusu mvua, ng'ombe na waliokuja kunisalimia. Akasema, "Hivyo hivyo, Mama Eliya. Waandikie kama unavyojiandikia." Sijui kama huo ni ushauri mzuri, maana ninapojiandikia hakuna wa kunisahihisha. Lakini mtu kapanda mlima kwa miguu, utamkatalia vipi?

Basi, vijana wangu, kazi yangu ilikuwa kutengeneza vifuniko vya antena. Hizo antena ni zile zinazokaa mgongoni mwa ndege ndogo na kupokea mawimbi ya setilaiti, ili rubani aone kwenye kioo chake yuko wapi. Antena yenyewe ndani ni kitu kidogo, kibamba cha shaba juu ya kigae, unakifumbata kwenye kiganja. Wahandisi ndio wanaoibuni. Mimi nilikuwa naivalisha. Nasema naivalisha kwa sababu nilitokea kwenye cherehani. Nilikuwa nashona magauni pale sokoni Lushoto, mume wangu akapata kazi ya udereva kwenye kampuni ya ndege ndogo kule chini tambarare, tukashuka wote. Wakanipa kazi ya kushona vitambaa vya viti vya ndege.

Siku moja fundi mkuu, Mzee Rajabu, alisimama nyuma yangu akitazama nakata. Mzee huyu alikuwa na kawaida ya kusimama bila kukohoa, unageuka unamkuta.

"Mama Eliya," akasema, "kitambaa cha kioo unaweza kukikata kama unavyokata gauni?"

"Gauni la nani?"

"La ndege."

"Ndege ana kiuno, Mzee?"

Alicheka mpaka akavua miwani. Kesho yake nikahamia meza yake, na sikurudi tena kwenye viti. Nikisema leo kwamba nina shukrani, naanzia kwake, maana angeweza kumchukua kijana mwenye cheti na hakuna ambaye angemlaumu. Na nisiwafiche, kijana mwenye cheti pengine angejifunza haraka kuliko mimi.

Mzee Rajabu ndiye aliyenifundisha kwamba mgongo wa ndege ni nusu ya antena. Bati la ndege lazima ligusane na kitako cha antena, chuma kwa chuma. Kwa hiyo kabla ya kuifunga unakwangua rangi pale inapokaa, unasafisha mpaka bati ling'ae, ndipo unafunga, kisha unaziba ukingoni maji yasiingie. Mafundi wengi wanaona uchungu kukwangua rangi nzuri. Wanaifunga juu ya rangi, halafu wanailaumu antena.

Na kwenye rangi kuna hili. Mteja mmoja alikuwa na ndege ya rangi ya fedha, aliipenda kama bibi harusi. Kifuniko chetu kilikuwa cheupe, akaona kinamharibia. Akampa fundi wake wa rangi akipake fedha kifanane na ndege. Baada ya hapo akapiga simu kwamba antena imekufa. Mzee Rajabu akaenda, akaitazama, akamwuliza, "Hii rangi ina nini ndani?" Yule bwana akasema kwa fahari, "Unga wa aluminiamu halisi." Mzee akamwambia, "Basi umeivisha sufuria kichwani, na unataka isikie." Tuliikwangua asubuhi nzima. Lakini niwe wa haki: hakuna aliyekuwa amemwambia. Tangu siku hiyo tukawa tunaandika juu ya kila kifuniko, USIPAKE RANGI, na hata hivyo kuna aliyepaka rangi juu ya maandishi.

Siku hizi kompyuta inawaonyesha wabunifu antena itakavyokuwa kabla haijakuwepo. Zamani zetu kibamba cha shaba kilikatwa kikubwa kidogo, kikapimwa, kisha kikapunguzwa kwa tupa ukingoni, unapunguza unapima, unapunguza unapima, mpaka kifike kwenye wimbi lake. Ukipitiliza, unatupa na kuanza upya. Hapo mtu wa cherehani anaelewa kuliko unavyodhani. Sisemi kwamba njia yetu ilikuwa bora. Tulitupa shaba nyingi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mwalimu wenu hasa alitaka niliandike, maana lilitokea huku huku kwetu, Gare.

Mzee Rajabu alipostaafu, kampuni ilimleta Injinia Salma abuni antena yetu wenyewe badala ya kununua za nje. Alikuwa binti mdogo kwa umri, mtu wa Korogwe, aliyeacha kazi ya mshahara mnono Dar es Salaam kwa sababu ya antena hiyo. Alinisalimia shikamoo kila asubuhi kabla hajaweka mkoba chini, na hakuna siku aliyosahau. Antena yake ya kwanza ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa bapa, imelala mgongoni mwa ndege kama chapati, upepo hauioni. Sote tuliikubali ilivyo bapa. Kila rubani aliipenda, mpaka masika yalipoanza.

Kapteni Semwenda ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi akilalamika. Mzigua, mtu mzima, mwili mkubwa, sauti kubwa. Kazi yake ilikuwa kupeleka chanjo na kuchukua wagonjwa sehemu ambazo gari halifiki. Akaingia karakana amelowa.

"Salma, mwanangu, antena yako inaogopa mvua. Nikiingia kwenye mvua pale karibu na milima, setilaiti zinakimbia."

"Shikamoo, Kapteni. Mvua haiwezi kuzuia mawimbi haya. Yanapita kwenye wingu kama hakuna kitu."

"Marahaba. Basi njoo ukae wewe kwenye kile kiti uyaambie yapite."

Hapo palianza mvutano. Salma alikuwa na vitabu vyake, na vitabu vilikuwa vinasema kweli. Kapteni alikuwa na macho yake. Wengine karakana wakasema Kapteni anazeeka na haipendi antena kwa vile imebuniwa na mtoto wa kike. Mimi sikuamini hivyo, maana huyo huyo ndiye aliyeisifu kiangazi kizima.

Mkurugenzi akatuita. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba hawezi kumrusha rubani na kitu ambacho rubani hakiamini. Masika yakiisha bila jambo hili kutulia, atanunua antena za nje, na meza yetu itafungwa. Simlaumu. Ndege inabeba watu. Lakini nilimwona Salma akitoka pale, akashika kitasa cha mlango akakaa nacho mkononi kama amesahau mlango unavyofunguliwa. Meza ikifungwa mimi ningerudi kwenye viti, na viti si vibaya. Yeye alikuwa hana pa kurudi.

Uwanja wetu uko kwenye joto, mvua yake inakuja na kukimbia. Salma akataka mahali ambapo mvua inanyesha kila siku na anga halizibwi na miti wala nyumba. Mimi nikamwambia, "Mahali hapo napajua. Ni kwa shangazi wa marehemu mume wangu."

Shangazi Agnesi alikuwa na nyumba juu ya kilima pale Gare, upande ambao ukitoka misheni unapita mashamba ya maharage. Mjane, mtu wa kanisa, hana maneno mengi lakini yakitoka yametoka. Tulifika kwake tukasalimiana kwa Kishambaa, onga mshi, habari za huku, habari za kule, za ng'ombe, za marehemu, za mahindi, mpaka Salma akadhani tumesahau alipo. Kisha Shangazi akamgeukia.

"Na huyu ndiye mwenye kitu chake?"

"Shikamoo, Bibi. Ndiyo mimi."

"Marahaba. Kinakula nini?"

"Hakili, Bibi. Kinataka anga tu."

"Hicho ni chakula ambacho hatujakosa."

Tukasimamisha nguzo uani, juu yake tukaweka bati pana liwe kama mgongo wa ndege, na juu ya bati tukaifunga antena. Waya ukapita dirishani mpaka stoo, kwenye kipokezi na kompyuta na betri ya sola. Kompyuta ilikuwa inahifadhi yenyewe kila kitu: setilaiti ngapi zinaonekana, na nguvu ya kila moja. Zinaonekana kama vijiti vya kijani. Kijiti kirefu, mawimbi mazuri. Salma akamwomba Shangazi asiruhusu kuku warukie nguzo. Shangazi akasema, "Kikiwa kwangu ni mgeni wangu." Tulilichukua kama neno la heshima tu.

Tulilala Lushoto mjini, tukawa tunapanda asubuhi kusoma yaliyohifadhiwa. Asubuhi, vijiti virefu. Alasiri mvua ikianza, vijiti vinaanguka vyote, kama mtu kavipitishia panga. Mvua ikikatika, baada ya muda vinasimama tena. Siku baada ya siku, vivyo hivyo. Salma akaacha kula vizuri. Akaniambia ndani ya gari, "Mama, kama ni mvua kweli, basi vitabu vyangu vyote ni vya uongo, na mimi sijui nimesomea nini." Nilimpa ndizi.

Alasiri moja tulikuwa tunashuka, mvua ikatukuta njiani, gari likakwama kwenye tope chini kidogo ya kwa Shangazi. Tukarudi kwa miguu, viatu mkononi. Tunaingia uani tukamkuta Shangazi Agnesi amesimama juu ya kigoda kwenye mvua, kanga kichwani, anaifunika antena kwa jani la mgomba. Jani bichi, kubwa, lililolowa. Analilaza taratibu, analikunja pembeni, kama anavyomfunika mtoto mgongoni.

"Shangazi!" nikaita. "Unafanya nini?"

Akageuka, hata hakushtuka. "Mvua inanyesha."

"Tunaona inanyesha!"

"Sasa mgeni wako akinyeshewa, wewe unamwangalia tu?"

Salma akauliza polepole, "Bibi, huwa unaifunika kila siku?"

"Kila mvua. Ikikatika namfunua apate jua. Jani likibaki anapata fukuto."

"Mbona hukutuambia, Shangazi?" nikasema.

"Nani anatangaza kwamba amemfunika mgeni?"

Mmelelewa huku, mnajua kwamba hilo ni kweli. Kwetu mtu anaweza kukupisha kitandani kwake, na asubuhi ukamkuta anafagia kama aliyelala vizuri. Ingekuwa nyumba nyingine mahali pengine, antena ingenyeshewa na sisi tungepata majibu yetu mapema. Salma akakaa chini pale pale kwenye tope akacheka. Alicheka mpaka Shangazi akaniuliza kwa Kishambaa kama binti ni mzima. Wimbi la setilaiti, wanangu, ni dhaifu kuliko mnong'ono, na jani bichi limejaa maji. Ukililaza juu ya antena umeiziba masikio.

Basi tulishuka na furaha. Mvua haina hatia, ni jani! Salma akaanza kupanga atakavyomwambia Kapteni. Mimi nilikuwa na wasiwasi kidogo, nikajiambia ni tabia yangu tu: ndege ya Kapteni haikuwa na jani. Nikamwambia njiani. Akasema, "Najua, Mama. Niache nifurahi mpaka kesho."

Tukamwomba Shangazi asiifunike tena. Alikubali kwa shida, kama mtu aliyeambiwa asimkaribishe padre. Mvua iliyofuata, antena ikanyeshewa bila jani. Vijiti vikaanguka. Si kama mwanzo, lakini vilianguka, vingine vikapotea kabisa. Kapteni alikuwa amesema kweli.

Siku ile Salma hakucheka wala hakulia. Alianza kukunja nyaya. Masika yalikuwa yanaelekea ukingoni, na hakuwa na jambo la kumwambia Mkurugenzi isipokuwa kwamba antena yake inaogopa mvua na hajui kwa nini. Nikamwambia, "Iache mpaka kesho, mwanangu. Nyaya hazitakimbia." Nilisema hivyo kwa huruma tu, msije mkadhani nilikuwa nimeona kitu.

Kesho yake tulipofika kuichukua, tukakuta ungo. Shangazi alikuwa amefunga fito nne kwenye pembe za lile bati kwa kamba, na juu yake, kama paa, amelaza ungo wake wa kupepetea.

"Shangazi, tulikuomba!"

"Mlisema nisimfunike. Nimemfunika? Sijamgusa. Nimemwekea kivuli."

Salma hakuwa na nguvu ya kubisha. Akaingia stoo kuzima kompyuta. Mara nikasikia anaita, sauti nyembamba.

"Bibi! Jana mvua haikunyesha?"

"Mvua!" Shangazi akashika kiuno. "Mfereji ulipasuka ukaingia kwenye viazi vyangu, unaniuliza mvua?"

"Na ungo ulikuwa juu yake wakati wote?"

"Ulikuwepo. Umelowa mpaka sasa, ushike."

Salma akatoka na kompyuta mikononi. Vijiti vyote virefu. Mvua kubwa nzima, mbinguni maji, ungo umelowa chapachapa, na hakuna kijiti kilichoinama. Alisimama akautazama ungo, akaitazama antena. Kisha akamwomba Shangazi kikombe cha maji.

Akauondoa ungo. Akamwaga maji kidogo juu ya kifuniko chetu bapa. Maji yakatuama pale, utando tu, kama maziwa yaliyomwagika mezani. Vijiti vikashuka mbele ya macho yetu.

"Mama, kitenge chako."

Nikafuta. Vijiti vikapanda. Akamwaga, vikashuka. Nikafuta, vikapanda. Tulifanya hivyo mpaka kitenge kikawa hakifuti tena. Shangazi akaleta taulo bila kuombwa.

Nitaeleza kama alivyonieleza yeye, na kama nitakosea kosa ni langu. Mvua iliyo angani kweli haizuii mawimbi, Salma alikuwa sahihi. Na antena kweli ilikuwa inapotea kwenye mvua, Kapteni alikuwa sahihi. Tatizo ni maji yanayolala juu ya kifuniko. Kile kibamba cha shaba kimepunguzwa kwa tupa mpaka kikafika kwenye wimbi lake hasa. Maji yakikaa karibu nacho mno yanakivuta kinatoka kwenye wimbi lake, kama ngoma iliyolowa inavyobadilika sauti, ingawa aliyeiwamba hakukosea. Kifuniko chetu kilikuwa bapa ili upepo usikione, na kilikaribiana na shaba. Hivyo maji yalikuwa yanapata pa kukaa, tena karibu. Ungo nao ulilowa, lakini ulikuwa juu, mbali na shaba, na kifuniko chini yake kilibaki kikavu. Kasi ya ndege inayafukuza mengine, lakini ndege zetu ni za polepole, na pale milimani Kapteni huwa anapunguza mwendo.

Salma alimrukia Shangazi akamkumbatia. Shangazi akasimama wima kama mlingoti, hakuzoea, lakini hakumsukuma.

Tulishuka kazi ikaanza. Ilikuwa zamu yangu. Nilichonga umbo jipya kwa plasta, nikalipaka nta ili faiba isinate, nikalaza kitambaa tabaka kwa tabaka. Mbele mviringo kama mgongo wa upawa, nyuma limechongoka, maji yakigusa tu yanateleza. Na ndani, kati ya kifuniko na shaba, tukaacha nafasi ya kidole. Vifuniko vya mwanzo vilipata mapovu nikavitupa. Kuna kimoja kilikuwa kizuri kabisa isipokuwa nilikikata upande, sikushangaa, mkono wa mtu ni mkono. Salma naye alilazimika kuipima shaba yake upya, maana kifuniko kilivyosogea na wimbi lilisogea. Huwezi kubadilisha kimoja ukakiacha kingine. Mkitoka na jambo moja hapa, naomba liwe hilo: aliyebuni cha ndani na aliyetengeneza cha nje wakae meza moja.

Kapteni Semwenda alipoiona mgongoni mwa ndege yake alizunguka mara mbili.

"Mama Eliya, nyie watu wa mlimani mmenichukia? Hii ni nini? Mmeniwekea nundu!"

"Ng'ombe ana nundu, Kapteni, na hajawahi kulalamika."

"Ng'ombe haruki!"

"Na wewe unaruka na tumbo hilo, hakuna aliyekuzuia."

Karakana nzima ilicheka, na yeye mwenyewe alicheka zaidi. Kisha akamgeukia Salma, hana utani tena. "Niambie ukweli, mwanangu. Itashika?"

"Mezani inashika, Kapteni. Kwenye mvua ya kikombe inashika. Huko juu sijui. Nakuomba twende wote."

Kapteni akasema, "Hilo ndilo nilikuwa nasubiri mtu aniambie." Na akasema na mimi niende. Miaka yote ile ya kuvalisha ndege, nilikuwa sijapanda hata moja. Nilijifunga mkanda kabla hatujafunga mlango. Mvua za mwisho za masika zilikuwa zimelala juu ya Usambara, wingu zito la rangi ya majivu, na Kapteni akaelekea huko huko, akizunguka pembeni mwa milima kwa kimo salama, maana si mtu wa kujionyesha. Mvua ikaanza kupiga kioo cha mbele. Sikuangalia chini. Nilikuwa natazama kisogo cha Salma, na Salma anatazama vijiti.

Kapteni akapunguza mwendo, kama afanyavyo siku zote. Mvua ikaongezeka mpaka hatusikilizani. Akaelekeza kidole kwenye kioo cha setilaiti, akakigonga kwa kucha, kama mtu anayegonga mlango kuona kama wenyewe wapo. Vijiti vilikuwepo. Vilitikisika, vikasimama. Tukageuka, tukaingia mvuani mara ya pili, vikasimama. Mara ya tatu Kapteni hakutazama kioo tena. Alimtazama Salma, akamnyooshea mkono, wakashikana mikono pale pale, yeye akirusha kwa mkono mmoja, na mimi nyuma nikimwomba Mungu aushike ule mwingine.

Chini, Mkurugenzi alikuwa amesimama na mwavuli. Kapteni akateremka, akamwambia maneno machache tu: "Nifungieni hizi kwenye ndege zote." Meza haikufungwa. Salma yupo hapo mpaka leo, na wenzenu wawili kutoka chuoni kwenu wanafanya kazi chini yake. Mimi niliendelea kuvalisha mpaka macho yalipoanza kunisumbua, nikaaga mwenyewe, wakanipa cherehani mpya. Nashukuru kwa yote hayo. Nashukuru hata kwa yule aliyepaka rangi ya fedha, maana alitufundisha.

Mwalimu aliomba nimalizie kwa nasaha. Nimejaribu, nimefuta, nimejaribu tena, naona zinatoka kama za mtu mwingine. Bora niwasimulie tulivyokwenda kumpa Shangazi habari.

Kapteni alisema lazima aje mwenyewe. Alipanda kile kilima cha Gare anahema, na alipofika uani alivua kofia. Shangazi alikuwa mkubwa kwake kidogo, au pengine walikuwa sawa, mimi sikuuliza, lakini Kapteni hakusubiri kupima.

"Shikamoo, Bibi. Mimi ndiye ninayembeba mgeni wako."

"Marahaba. Hajambo?"

"Hajambo kabisa. Tumeingia naye mvuani, hakupotea."

Shangazi akatuketisha, akatuletea chai na viazi vya kuchemsha. Nje manyunyu yalikuwa yanaanza, yale membamba ya huku kwetu yasiyo na sauti. Aliyatazama kwa muda, halafu akamwuliza Kapteni, kwa upole lakini alitaka jibu, "Na huko juu mvua ikinyesha, nani anamfunika?"

Salma akafungua mdomo kueleza mambo ya mviringo na nafasi ya kidole. Kapteni akamzuia kwa mkono.

"Huko juu hakuna mtu, Bibi. Yuko peke yake."

"Peke yake, na mvua yote hiyo?"

"Peke yake."

Shangazi Agnesi alifikiri. Akamtazama Salma, kisha mimi, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu meno yote.

"Basi mmemlea vizuri," akasema.